Barua ya wazi kwa wanaosimamia leseni za pikipiki: mnapima injini, abiria hamumuulizi

KWA: Waheshimiwa mnaosimamia usalama barabarani, upimaji wa madereva na utoaji wa leseni, Tanzania Bara

KUTOKA: Katibu wa kijiwe cha bodaboda, Mbagala, Dar es Salaam

YAH: MADARAJA YA LESENI ZA PIKIPIKI NA JINSI TUNAVYOPIMWA

Waheshimiwa,

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu juu ya jambo hili hili. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi moja inayohusika, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, nikabaki na nakala. Ya pili niliipeleka miezi mitano baadaye, nikaambatanisha na ile nakala. Dada wa masjala, ambaye namshukuru kwa ukarimu wake wote, aliniambia, "Kaka, faili lako lipo kwa mkubwa." Nimerudi kuuliza mara nne. Mara zote nne faili lilikuwa kwa mkubwa. Leo nimeona bora lisomwe na watu wote, huenda na mkubwa akawa mmoja wao.

Nijitambulishe. Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye bodaboda. Nilianza na pikipiki ya mkataba, nikipeleka hesabu kila jioni iwe mvua iwe jua, mpaka ikawa yangu. Sasa ninayo ninayoendesha mwenyewe na nyingine nimempa kijana kwa mkataba. Kwa hiyo mimi ni dereva na ni bosi pia, na baadhi ya lawama zilizomo humu zinanirudia mwenyewe. Nina leseni daraja A. Niliipata nikiwa nimeshabeba abiria kwa miaka miwili na ushee bila karatasi yoyote. Sijivunii, ila nikiwaficha hilo mtakuwa na haki ya kutoniamini mengine.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Machi mwaka jana kijana mmoja wa kijiweni kwetu, nitamwita Dogo, alimpakia mama mtu mzima anayekwenda Chamazi. Mama alivaa dera, akakaa upande kama wanavyokaa akina mama wengi wa kwetu, ndoo ya maandazi ameipakata. Dogo akatia gia, akaondoka. Kava ya cheni ya pikipiki ile iling'olewa siku nyingi kwa sababu ilikuwa inapiga kelele, na kile chuma cha kuzuia nguo pembeni ya tairi la nyuma kilishauzwa skrepa. Hawakumaliza mita 100. Nilikuwa nimeegemea pikipiki yangu, nikasikia sauti kama mtu anachana shuka, halafu kishindo.

Pindo la dera lilikuwa limedakwa na cheni, likazungushwa mpaka gurudumu likagoma. Mama alikuwa chini, kiuno kimepinda, nguo bado imeshikwa na pikipiki. Muuza miwa akaja na kisu chake tukalikata dera vipande vipande. Mama alikuwa analia, na kwa dakika zile za mwanzo nadhani alikuwa analia kwa aibu kuliko maumivu. Mama ntilie akavua kitenge chake akamfunika. Kilichofuata mnakijua: gari la kuazima, fomu ya polisi ya PF3, hospitali. Alivunjika nyonga.

Trafiki alipofika akaomba leseni. Dogo akaitoa mfukoni, bado ameihifadhi kwenye plastiki yake, ina siku 19. Askari akaigeuza mbele na nyuma, akamrudishia. "Leseni ni halali," akasema.

Alisema kweli, na ndilo jambo linalonisumbua. Leseni ilikuwa halali. Dogo alipitia hatua zote, akalipa kila kilichotakiwa kulipwa, akafanya mtihani akafaulu. Na katika hatua hizo zote hakuna mtu aliyemwambia neno hata moja kuhusu binadamu anayekaa nyuma yake. Malalamiko yangu yote yanatoka hapo.

1. Madaraja yetu yamepangwa kwa ukubwa wa injini, na kazi tunayoifanya haimo

Wengi wanaosoma barua hii hawajui kilichoandikwa kwenye kadi zetu, kwa hiyo nitaeleza. Daraja A ni pikipiki yenye injini inayozidi cc 125 au kilo 230. A1 ni pikipiki iliyo chini ya hapo, isiyo na kiti cha pembeni. A2 ni vyombo vya magurudumu matatu au manne visivyozidi kilo 550, na humo ndimo zinamoangukia bajaji. A3 ni vile vipikipiki vidogo visivyozidi cc 50.

Sasa tazameni upande wa magari. Huko mlishakubali kwamba kubeba watu ni kazi tofauti na kuendesha tu. Anayetaka kuendesha basi la abiria 30 au zaidi anahitaji daraja C, na halipati mpaka awe amekaa na C1 au E kwa miaka isiyopungua 3. Hata dereva wa teksi ndogo inayobeba abiria wanne ana daraja lake, C3. Gari lile lile, akiliendesha kwenda kumchukua mtoto shule, ni B au D. Akianza kutoza nauli, sheria inamtaka kitu kingine. Mantiki yake inaeleweka hata na mtoto.

Njooni kwetu. Mkulima wa Kilosa anayeitumia pikipiki yake ya Boxer kwenda shamba asubuhi na kurudi jioni, peke yake na jembe, ana daraja A. Mimi ninayepita Rangi Tatu hapa Mbagala saa 12 jioni, katikati ya daladala, malori ya mchanga na bajaji, abiria nyuma na simu yake sikioni, nina daraja A. Karatasi ni moja. Abiria wa teksi amekaa ndani ya mabati, amefunga mkanda, na dereva wake anatakiwa awe na daraja la abiria. Abiria wangu amekalia sponji, kinachomzuia asianguke ni mikono yake mwenyewe, nami sidaiwi chochote zaidi ya mkulima. Mwenye kunieleza mantiki hiyo anieleze, nitanyamaza.

Na hata hicho kipimo cha injini chenyewe kina mushkeli wake. Boxer ya cc 150 haifiki hata kilo 150. Kwa injini ni A, kwa kilo ni A1. Niliwahi kuuliza lile neno "au" linasomwaje, nikapewa majibu mawili na watu wawili waliokaa meza moja. Tulicheka sote watatu, lakini siku ya ajali atakayelisoma ni mtu wa bima, na yeye hacheki.

2. Mtihani

Mtihani wangu ulifanyika kwenye uwanja wa vumbi. Chupa za maji zilijazwa mchanga zikapangwa, ukatakiwa kuzunguka umbo la nane bila kuangusha chupa wala kushusha mguu. Kabla ya hapo kulikuwa na maswali ya alama za barabarani. Mpimaji alikaa kivulini chini ya mwembe. Nilimaliza nane yangu kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kufunga kamba za viatu. Mtihani wa Dogo, kwa alivyonisimulia, ulikuwa huo huo, ila chupa zilikuwa koni za plastiki. Hayo ndiyo maendeleo ya zaidi ya miaka 10.

Sisemi nane haina maana. Inapima kama mtu anajua kubalansi chombo kikiwa kwenye mwendo wa polepole, na hilo linahitajika. Ila naomba mnisikilize kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake: pikipiki yenye mtu nyuma ni chombo kingine kabisa. Uzito unahamia nyuma, usukani unakuwa mwepesi, tairi la mbele linashika barabara kidogo. Unahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Kwenye kona abiria mwoga anajivuta upande wa pili badala ya kulala nawe, na kona inakukataa. Ukifika kwenye tuta na hukumwambia, anakurukia mgongoni. Akipanda kabla hujakanyaga chini vizuri mnaanguka mkiwa mmesimama pale pale kijiweni, na hiyo hutokea kila wiki, tunacheka tu.

Halafu kuna breki ya mbele. Vijana wengi wa kijiweni kwetu hawaigusi kabisa. Wameambiwa na waliowatangulia kwamba "ya mbele inamwaga mtu", wakaamini, na wapo waliolegeza waya wake makusudi. Ukweli ni kwamba breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki. Inamwaga mtu anayeibana ghafla akiwa kwenye kona au kwenye mchanga, kwa sababu hakufundishwa kuibana taratibu huku akisaidia na ya mguu. Kwa hiyo tuna maelfu ya watu wanaobeba abiria kwa nusu ya breki zao, na mtihani mliowapa hauna sehemu hata moja inayowataka wasimame ghafla. Mimi mwenyewe nilijifunza breki ya mbele mwaka wa tano, kwa mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa pikipiki enzi hizo za Honda, ambaye alinitukana kwanza ndipo akanifundisha.

Mtihani haujawahi kumweka mtu nyuma. Haujawahi kumuuliza mwombaji leseni amwambie nini abiria kabla hajapanda. Mwenye dera au baibui akae vipi, pindo aliweke wapi. Kofia ya abiria ifungwe na nani. Mama mwenye mtoto mgongoni anakataliwaje kwa heshima. Wanafunzi watatu wakikupungia na mia tano yao mkononi, ile mishikaki, kupakia zaidi ya mmoja, inazuiwaje na mtu ambaye tangu asubuhi hajapata hesabu. Mambo haya ndiyo kazi yetu. Nane tunaizunguka siku moja tu maishani.

3. Mafunzo ya uwanja wa mpira

Hapa naomba radhi mapema kwa watakaokwazika. Imekuwa desturi kwamba mfadhili, au mwanasiasa, hasa kura zikikaribia, anagharamia mafunzo na leseni za bodaboda wa eneo zima. Siku mbili uwanjani, viti vya plastiki, spika, maji ya chupa na wali wa mchana. Siku ya tatu vyeti vinagawiwa, picha zinapigwa. Nimehudhuria moja kama katibu. Tulikuwa zaidi ya 200, na pikipiki ya kufundishia ilikuwa moja. Iliwashwa mara moja, ili ionekane inawaka.

Simlaumu anayetoa fedha yake. Asiyekuwa na uwezo wa kulipia leseni akilipiwa, Mungu ambariki aliyelipa. Swali langu ni kwenu mnaokubali siku mbili zile zihesabiwe kuwa mafunzo. Mngekubali dereva wa basi la mkoani apatikane hivyo?

4. Vishoka

Nitakuwa mfupi kwa sababu mnajua. Yupo mtu nje ya geti anayekwambia usihangaike, lete hela na picha. Yupo kila mahali palipo na foleni ndefu na maelezo mafupi. Kijiweni kwetu tuna watu wenye leseni ambao hawajawahi kuiona ile nane. Sitawataja, na wala hamhitaji niwataje. Wapeni mtihani tena mtawajua ndani ya dakika mbili.

5. Skuta na pikipiki za umeme

Mwalimu mmoja jirani yangu alinunua skuta isiyo na klachi wala gia za mguu ili aache kugombania daladala. Akataka kufuata sheria, jambo ambalo lingepaswa kufurahisha mtu. Aliambiwa mtihani ni wa pikipiki ya gia, hivyo ajifunze kwanza chombo ambacho hana na hatakuwa nacho. Mwingine akamwambia skuta ndogo hiyo haihitaji leseni, aendeshe tu. Huyo wa pili alimdanganya, kwa sababu hata kile cha cc 50 kina daraja lake, A3. Mwalimu ameiegesha skuta uani, watoto wanaichezea.

Na pikipiki za umeme zimeshaingia mjini, vijana wa vifurushi wanazo, na baadhi ya wenzetu wanabeba nazo abiria. Chombo hicho hakina cc hata moja. Kipo daraja gani? Mkiniambia tutumie kilo, sawa, lakini basi mniambie pia kwa nini chombo kinachoondoka kwa nguvu zote palepale unapozungusha mkono, kimya kimya bila mtembea kwa miguu kusikia kinakuja, kiwekwe kwenye kapu la pikipiki nyepesi kwa sababu tu ni chepesi. Kipimo cha injini kilikuwa cha wakati wake. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na mwaka huo hakuna aliyekaa Mbagala akawaza kwamba pikipiki itakuwa teksi ya mtu wa kawaida, sembuse iwe ya kuchajiwa kama simu.

6. Ofisi tatu, siku za kijana mmoja

Kadi ya leseni inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato. Anayekupima ni polisi wa usalama barabarani. Leseni ya kufanya biashara ya kusafirisha abiria iko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kila moja ina haki na wajibu wake na sina ugomvi na mgawanyo huo. Ila kijana wa mkataba akitoka nyumbani kufuatilia, hesabu ya bosi haimsubiri. Anarudi jioni hana fomu na hana hesabu. Kesho yake anachagua hesabu, na mimi bosi, lazima niseme, ndivyo ninavyotaka achague. Hapo ndipo lawama zinaponirudia. Kijana wangu wa sasa nilimkabidhi pikipiki akiwa na leseni ya kujifunzia tu, kwa maneno ya "utamalizia taratibu". Baada ya ajali ya Dogo nilimsimamisha mpaka alipopata kamili, na wiki hizo nilikula hasara yangu kimya.

Sasa majibu yenu. Nimekaa kwenye mabenchi ya kutosha kuyajua.

Mtasema LATRA tayari inatoa leseni ya biashara, kwa hiyo abiria analindwa. Hapana. Leseni ile ni ya chombo. Chombo kikishakuwa nayo, mchana naendesha mimi, usiku anaendesha deiwaka, dereva wa kushikiza, ambaye hata mimi simjui vizuri, na karatasi ni ile ile.

Mtasema bodaboda wenyewe hawataki kusoma. Kuna ukweli humo, siwezi kuwadanganya. Bajeti ya 2021/22 ilipunguza faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Tulishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga honi. Lakini kijana anapiga hesabu zake: kukamatwa mara moja ni 10,000, kukaa darasani wiki nzima ni hesabu ya siku sita. Atachagua kukamatwa. Mkitaka asome, darasa limfuate. Saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana kijiwe kinalala, abiria hakuna, tunacheza bao na kubishana Simba na Yanga. Saa hizo nne kwa wiki mbili zinatosha kabisa, chini ya mwarobaini wa kijiweni.

Mtasema wakufunzi hawatoshi. Vyuo vya ufundi vya VETA haviwezi kumfikia kila mtu, na NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, ina mzigo wake wa madereva wa mabasi. Lakini kila kijiwe kina mtu mwenye miaka 10 au 15 barabarani. Mchukueni, mfundisheni mwezi mmoja namna ya kufundisha, mpimeni kwa ukali kuliko mnavyotupima sisi, kisha mpeni kibali cha mkufunzi msaidizi. Yule mzee wa Honda angefundisha bure kwa ajili ya sifa tu.

Mtasema vijana watapoteza ajira. Hili ndilo jibu zito, na ndilo linalotolewa na watu wenye nia njema. Nami nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaozungumziwa ni wadogo zangu. Lakini simwombi mtu yeyote afukuzwe barabarani kesho. Aliye na A leo aendelee, apewe miaka miwili ya kupata nyongeza ya abiria, mtihani wa nyongeza uwe bure mara ya kwanza, na akifeli arudie. Na hiyo ajira tunayoilinda, mmehesabu wangapi wanaipoteza wodini? Nendeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mkaulize waliofungwa vyuma miguuni walikuwa wanafanya kazi gani, na waliokuwa wamekaa nyuma yao walikuwa wanakwenda kazi gani.

Mtasema jambo hili halijawahi kufanyika kwetu. Majirani zetu Kenya wanalo kwenye vitabu: A1 ni vipikipiki vidogo, A2 ni pikipiki nyepesi, A3 ni pikipiki ya kubeba abiria na vifurushi pamoja na za magurudumu matatu, na umri wa kuanza A3 ni miaka 21 wakati A2 ni 18. Sisemi tuige kila kitu, hasa umri. Kijana wa Mbagala akiambiwa asubiri miaka mitatu atabeba abiria tu, tena kwa kujificha. Na kuwa na daraja kwenye karatasi hakujawafanya Wakenya wawe malaika barabarani, atakayepita Mombasa atajionea. Lakini angalau mtu wa bima, hakimu na abiria wa kule wana swali la kuuliza: ulikuwa na daraja la abiria? Kwetu swali hilo halipo.

Na mtasema sheria inapitia Bunge, inachukua muda. Sawa. Kama ni kanuni, mheshimiwa waziri ana kalamu. Kama ni sheria, Bunge lina vikao kila mwaka. Mtihani, lakini, hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Kumwambia mpimaji amweke mtu nyuma ya mwombaji ni maelekezo ya ukurasa mmoja.

Ninachoomba, basi, ni hiki:

(a) Liwekwe daraja au nyongeza ya kubeba abiria kwa pikipiki, na nyingine kwa bajaji, tofauti na leseni ya matumizi binafsi. Mkulima wa Kilosa asisumbuliwe.

(b) Mtihani wa nyongeza hiyo ufanyike na mtu mzima amekaa nyuma, uwe na kusimama ghafla kwa breki zote mbili, kona, tuta, na kipande cha barabara halisi yenye magari. Mpimaji atoke kivulini.

(c) Mwombaji aonyeshe kwa vitendo anavyompandisha abiria: kofia, mahali pa miguu, nguo ndefu, mzigo. Na pikipiki isiyo na kava ya cheni isikubaliwe kufanyia mtihani wala kubebea watu. Kava ni kitu kidogo. Dera la mama yule lilikuwa na bei kubwa zaidi.

(d) Pikipiki za umeme na skuta zipatiwe mahali pake kwa maandishi yanayosomeka, ili mwalimu jirani yangu atoe skuta yake uani.

(e) Sisi wamiliki tunaotoa pikipiki kwa mkataba tubanwe. Nikimkabidhi chombo mtu asiye na daraja linalotakiwa, faini yangu iwe kubwa kuliko yake. Najua wamiliki wenzangu hawatanipenda kwa mstari huu.

(f) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60. Hata kama jibu ni hapana, liwe hapana lenye sababu na sahihi.

Jina langu, namba ya simu na namba ya kitambulisho viko kwenye barua mbili mlizonazo, kwa hiyo sina haja ya kuviweka hapa. Anayenihitaji nipo kijiweni kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku, Jumapili natoka saa 6 baada ya ibada. Mkija na mpimaji wenu nitampakia nyuma mwenyewe, kofia ya pili ninayo na ni safi, tukazunguke wote Rangi Tatu saa 12 jioni aone kile ambacho koni hazimwonyeshi.

Mama yule anatembea kwa mkongojo. Ameacha kuuza maandazi kwa sababu hawezi kusimama na kikaango. Dogo alirudi kazini baada ya wiki mbili, kava ya cheni amefunga mpya, mimi nilisimamia. Leseni yake ni ya miaka 5. Bado ni halali.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kijiwe,
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala kwa: Wabunge wote wanaopigiwa honi na bodaboda wakati wa kampeni.
Nakala kwa: Wenyeviti na makatibu wa vijiwe vya bodaboda na bajaji, popote mlipo. Bandikeni ukutani.